Nusu ya Kidonge

Mahindi ya Wakoli yalianza kugeuka zambarau kabla hayajafika magotini. Watu wa Sirisia waliopita njiani walisimama kidogo, wakatazama, wakaendelea na safari zao. Hakuna mkulima pale asiyeijua ile rangi. Ni rangi ya mahindi yaliyopandwa bila mbolea, majani yakaanza kuiva pembeni wakati bado ni machanga. Kilichowashangaza ni mwenye shamba. Wakoli alikuwa mtu wa kunyoosha mistari kwa kamba na kupima mbolea kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kila shimo, akimrudisha kibarua aliyepitisha kipimo au aliyekipunguza.

Phelista, mkewe, alijua sababu. Ilikuwa imeanzia Kitale, katika chumba kidogo cha kliniki ya magonjwa ya damu, siku walipopewa jina la ugonjwa. Saratani ya damu, daktari alisema, ya aina inayotulizwa kwa kidonge kimoja kwa siku. Mradi mmoja ulikuwa ukiileta dawa hiyo bila malipo. Wakati ule Wakoli alikuwa amekonda hadi suruali zake zikafungwa kwa kamba, na upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa umevimba na kuwa mgumu.

Daktari aliitwa Bhavika. Alizaliwa na kukulia Kitale, baba yake akiuza vitambaa, na alizungumza Kiswahili cha mjini bila kutafuta maneno. Wakoli alimwambia hatameza kitu asichokielewa. Daktari hakukasirika. Alifungua mtoto wa meza akatoa klipu za karatasi, akavuta kiti karibu na mgonjwa.

"Mzee, seli za mwili zinaishi kwa kutumiwa ujumbe. Zaliana. Pumzika. Kufa. Lakini ujumbe hauji kwa maneno. Unapitishwa na protini. Moja inaamsha nyingine, hiyo inaamsha ya mbele yake, mpaka habari ifike katikati ya seli. Sasa tuseme huu mkono wa shati yako ni protini imelala."

Alibana klipu moja kwenye pindo la mkono wa shati.

"Hii klipu inaitwa fosfeti. Ikibandikwa hapa, protini inajikunja, inabadilika umbo, inaamka na kuanza kazi. Kazi ikiisha, kuna protini nyingine inakuja kuibandua." Aliitoa klipu. "Inalala tena. Inabandikwa, inabanduliwa. Kutwa kucha, ndani ya kila mtu, hata mimi hapa."

"Na ndani yangu kuna nini?" Wakoli aliuliza.

"Ndani yako jeni mbili zilikatika, zikaungana mahali hazifai kuungana. Zikatengeneza kimeng'enya ambacho hakijui kupumzika. Kazi yake ni kubandika, na hakiachi." Kila aliposema neno aliongeza klipu, mpaka mkono wa shati ukang'aa. "Kinabandika. Kinabandika. Kinabandika. Chembe nyeupe za damu zinaambiwa zaliana, na hakuna mtu ameziita. Ndiyo hiyo homa, ndiyo huko kukonda, ndiyo hiyo bandama imejaa tumbo."

"Na kidonge?"

"Hicho kimeng'enya kina kifuko kidogo, pale kinaposhikia fosfeti kabla ya kuibandika. Kidonge kinaingia kwenye hicho kifuko, kinakaa. Fosfeti ikija inakuta nafasi imechukuliwa. Lakini dawa inaisha mwilini, mzee. Kwa hivyo ni kila siku, kizima, bila kuruka."

Wakoli aliutazama mkono wake kwa muda mrefu.

"Hii fosfeti," alisema, "ni ile iko kwa mbolea ya DAP?"

Daktari alifurahi. Phelista aliiona furaha hiyo waziwazi, furaha ya mwalimu aliyepata darasa linalomsikiliza. "Ile ile, mzee! Ile ile kabisa. Wacha nikuambie, kuna watu wamesoma mpaka wamezeeka hawajawahi kuniuliza hilo."

Kisha aliendelea kueleza kwamba fosfeti iko kila mahali, kwenye maziwa na kwenye mifupa, na kwamba mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Phelista aliyasikia maneno hayo jinsi mtu anavyosikia mvua inayonyesha katika kijiji cha mbali. Wakoli hakuyasikia kabisa. Alikuwa anabandua klipu moja moja na kuzipanga mezani.

Dawa ilifanya kazi. Homa ikaisha, bandama ikarudi chini ya mbavu, na Wakoli akarudi shambani. Msimu wa kupanda ulipofika alimtuma mkewe Bungoma kuchukua mbegu, mbegu peke yake.

Kishore, mwenye duka la pembejeo, alikuwa ameshawatengea mifuko yao ya mbolea karibu na mlango.

"Mama Edah! Nimewawekea zenu hapa, hata panya nimeambia hii ni ya Wakoli."

"Mwaka huu hatuchukui DAP, mzee. Ni mbegu tu."

Kishore aliishusha miwani yake. "Ati bila DAP? Sasa mnapanda mahindi ama mnapanda maombi?"

"Ni Baba Edah amesema."

"Baba Edah! Si yeye ndiye alisimama hapa hapa, akanifundisha mimi mambo ya kizibo cha soda mbele ya wateja wangu? Niambie ukweli, amepata duka lingine? Sema tu bana, siwezi kulia. Nitalia nikifika nyumbani."

Phelista alicheka, akabeba mbegu zake. Hakutaka kueleza habari za damu ya mumewe kwenye kaunta. Tena, kama angekuwa mkweli, hakuwa na uhakika kwamba Wakoli alikosea. Mumewe hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa amelifikiria jambo hilo hatua kwa hatua, jinsi alivyofikiria kila kitu, akamweleza wakiwa wamekaa nje wakichambua maharagwe.

"Kile kitu kinabandika fosfeti. Fosfeti inatoka wapi? Inatoka kwa chakula. Chakula kinaitoa wapi? Kwa udongo, na kwa udongo ni sisi tunaiweka, kwa mikono yetu, kila mwaka. Nikiacha kuiweka, na nikiacha kula unga wa dukani, kitakosa cha kubandika."

"Daktari alisema hivyo?"

"Daktari alisema ni ile ile. Ulikuwepo."

Alikuwepo, ndiyo. Kwa hiyo alinyamaza. Mumewe akala viazi vitamu vya kwenye shamba la samadi, akaacha ugali, na mahindi yakawa zambarau.

Ilikuwa wakati wa kuvuna ndipo alipouona wembe. Aliingia ghalani kutafuta gunia, akamkuta Wakoli amechuchumaa mbele ya kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Kidonge cha siku hiyo, chenye rangi ya kahawia inayokaribia machungwa, kilikuwa juu ya kifuniko. Wakoli aliuweka wembe katikati yake kwa uangalifu, akakandamiza. Kidonge kilikatika sawasawa. Nusu aliimeza. Nusu aliifunga katika kipande cha karatasi ya nailoni, pamoja na nusu nyingine zilizokuwa humo.

"Baba Edah. Unafanya nini?"

Hakushtuka. "Hii ni ya Wekoye."

"Wekoye gani?"

"Ni Wekoye gani mwingine?"

Wekoye na Wakoli walikuwa bakoki, yaani walitahiriwa msimu mmoja. Walipakwa tope katika mto mmoja asubuhi moja, wakasimama chini ya kisu kimoja. Watu wa namna hiyo huheshimiana kupita ndugu wa tumbo moja, na mmoja akimwomba mwenzake kitu mbele ya watu, kumnyima ni aibu inayodumu. Wekoye, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Lwakhakha, alikuwa amevimba tumbo tangu mwaka uliopita, upande ule ule wa kushoto. Walikutana katika matanga, Wekoye akiwa amelewa kidogo. Alilifunua tumbo lake mbele ya wazee, akasema: bakoki, wewe ulikuwa hivi na umepona, mimi umeniachia nani?

"Tangu lini?" Phelista aliuliza.

"Tangu kupanda."

"Kizima, daktari alisema. Kila siku, kizima."

"Alisema hivyo nikiwa bado nakula fosfeti." Wakoli aliupangusa wembe kwa jani la mgomba, akaukunja katika karatasi yake. "Sasa nimeikata huku juu. Kazi ya kidonge imepungua nusu. Hiyo nusu nyingine ingekaa tu tumboni bure, na mtu anakufa."

Phelista alitafuta mahali pa kulishika neno lile alivunje, akapakosa. Lakini alipomtazama mumewe akiinuka, aliona jinsi alivyojishikilia ukutani, na kwamba suruali ilikuwa imefungwa kamba tena.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Wekoye. Alimkuta nyumbani, amekaa juu ya gunia akipaka viatu rangi.

"Mulamwa!" Wekoye alimwita, kwa lile neno la shemeji. "Karibu. Umekuja kunipima kama ng'ombe wa mnada?"

"Nimekuja kuchukua dawa ya mume wangu."

Wekoye aliiweka brashi chini. "Ya leo nimemeza. Nikutapikie?"

"Anakufa, mulamwa."

"Si alisema zinamtosha? Yeye mwenyewe ndiye analeta. Mimi niliomba mara moja tu, na hata siku hiyo nilikuwa nimelewa."

"Na hizi siku zote umekuwa ukimeza ukiwa umelewa?"

Wekoye aliokota kiatu cha mtoto, akakishika mbele ya tumbo. Phelista alikuwa amekuja na hasira iliyotosha kijiji kizima. Alipomwona mtu huyo mkubwa akilificha tumbo lake kwa kile kiatu, hasira ikakosa mahali pa kutua.

"Twende Kitale," alimwambia. "Upimwe. Kama ugonjwa ni mmoja, daktari atakupa zako. Mtaacha kugawana mtu."

Walikwenda wote watatu. Daktari Bhavika alichukua damu yao, na nyingine ikapelekwa Nairobi kusomwa jeni. Majibu yaliporudi, Wakoli hakuweza tena kusafiri, na Phelista akaenda na Wekoye. Wekoye alikataa kuingia chumbani peke yake. "Mimi nikianza kuambiwa habari za damu nazimia," alimwambia daktari. "Wacha mulamwa asikie kwa niaba yangu."

Daktari alisema kwamba Wekoye naye ana saratani ya damu, ila si ile ya Wakoli. Yake ilikuwa ya polepole, ile ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka mingi akipimwa tu, bila dawa yoyote, na pengine asife kwayo.

Wekoye alifuta jasho. "Kwa hivyo vile vidonge vilinisaidia."

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Kile kimeng'enya ambacho kidonge kinakiziba, wewe huna. Kidonge kiliingia mwilini mwako kikazunguka, hakikupata pa kukaa, kikatoka."

"Hata kidogo?" Wekoye aliuliza tena.

Daktari alitikisa kichwa. Wekoye aliinuka, akatoka, akasimama kwenye ukumbi akitazama ukuta.

Kisha daktari akaifungua karatasi ya pili, na Phelista akajua kabla hajaambiwa. Daktari alizungumza taratibu. Chembe nyeupe za Wakoli zilikuwa zimeongezeka mara nyingi, na zilizokuwa zikitoka sasa zilikuwa changa, zisizojua kazi yoyote isipokuwa kuzaliana. Nusu ya dawa ilikuwa imeua zile dhaifu. Kati ya zilizobaki kulikuwa na moja ambayo kifuko chake kilikuwa kimebadilika umbo, kidogo tu, sehemu moja ndogo ya protini imebadilishwa na nyingine. Kidonge hakikuingia tena humo, lakini fosfeti iliingia kama kawaida. Hiyo moja ndiyo iliyozaa nyingine zote.

"Akirudia kizima?"

"Hakiingii tena, mama. Hata dawa ile ya pili tuliyo nayo haiingii. Kuna nyingine, iko nje ya nchi. Nimeandika barua kuiomba. Sitakudanganya, hizo barua hazirudi haraka." Alisita. "Lakini mbona aligawa? Nilimweleza vizuri. Alielewa kuliko wagonjwa wangu wote."

"Aliona nusu inamtosha," Phelista alisema. "Kwa sababu tuliacha DAP."

"Mliacha nini?"

Akamweleza. Mahindi ya zambarau, viazi, unga ulioachwa. Daktari alisikiliza bila kumkatiza, na kalamu yake ikasimama.

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

Phelista hakukusudia kumuumiza. Aliulizwa, akajibu.

"Si wewe? Ulisema ni ile ile."

Daktari aliilaza kalamu juu ya karatasi. "Mifupa yake imejaa fosfeti," daktari alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisomea. "Hata angefunga kula, mwili ungeichukua huko. Hakuna shamba ambalo lingeweza..." Hakuimaliza sentensi. Alizitazama klipu zilizokuwa kwenye kikombe mezani, akazitia ndani ya mtoto wa meza, akafunga.

Barua haikurudi. Wakoli alilala nyumbani Sirisia, mlango ukiwa wazi ili aone uwanja. Ufizi wake ulikuwa ukitoka damu, na ngozi ikaota madoa hata pale ambapo hakuna kitu kilichomgusa. Kuhusu majibu yake, Phelista alimwambia yote. Wakoli alitikisa kichwa, akauliza maswali mawili matatu kuhusu kile kifuko na kwa nini fosfeti bado inaingia, akasema, "Kumbe." Kuhusu majibu ya mwenzake Phelista hakumwambia kitu, naye hakuuliza mpaka Wekoye alipokuja.

Wekoye alikuja alasiri moja, akaketi nje kwenye kigoda. Hakuingia. Phelista alimpa chai, akaishika tu kikombeni.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

Phelista alikuwa na jibu. Alikuwa amelibeba tangu Kitale, na kila alipofua mashuka yenye damu alilirudia moyoni. Mwambie. Mwambie zile nusu zilipita ndani yako kama maji. Mwambie ajue alichokikata kwa ule wembe. Aliona ni haki yake Wakoli kujua, maana katika maisha yake yote hakuwahi kukubali kitu asichokielewa. Pia aliona ni haki yake yeye, Phelista, mtu mmoja hapa nyumbani aache kubeba jambo hili peke yake. Hakujua haki ipi ndiyo iliyokuwa ikisema.

"Mimi simjui bakoki wako kuliko wewe," alisema. "Ingia."

Wakoli alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Bakoki. Tumbo vipi?"

Wekoye alimtazama Phelista. Phelista alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Limeshuka," Wekoye alisema. "Limeshuka sana, bakoki. Hata mkanda sasa naruka matundu mawili."

"Leta nione."

"Aa, si ulale tu..."

"Leta, bwana. Unaniogopa leo?"

Wekoye alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua vifungo vya shati. Wakoli aliunyanyua mkono wake, akauweka chini ya mbavu za mwenzake, upande wa kushoto, akaanza kubonyeza polepole kuelekea chini. Alibonyeza bila haraka, kama alivyozoea kulipapasa hindi bichi ndani ya maganda yake kujua kama limejaa. Phelista aliona vidole vikifika mahali, vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikafika tena pale pale, vikasimama tena. Nje kuku walikuwa wakigombea kitu.

"Limeshuka kweli," Wakoli alisema.

Wekoye aliinamisha kichwa kwenye blanketi, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sasa unalia nini?" Wakoli alimwuliza. "Mtu amepona analia? Ati dume zima, na siku ile ya kisu ulisimama bila kupepesa jicho."

Hakuuondoa mkono. Uliendelea kukaa pale juu ya ule uvimbe, umefunguka, hata alipofumba macho na pumzi zake zikaanza kuachana. Magoti ya Wekoye yalikuwa kwenye sakafu ya udongo, lakini hakuthubutu kujisogeza. Phelista alileta kile kigoda kutoka nje, akakisukuma taratibu chini yake.